Mwaka wa Migongo

Mwezi uliopita tulimzika Mzee Salimu pale Makambako. Wanaume walipokwenda makaburini, sisi wanawake tulibaki uani kwenye mikeka, na sahani za pilau zikaanza kupita. Mama mmoja aliyekaa mkabala nami alinitazama muda mrefu, kisha akauliza, "Wewe si ndiye yule binti wa migongo?" Miaka mingi imepita, sasa nina studio yangu Njombe na mtoto anayenizidi kimo, lakini niliinamia sahani yangu vilevile kama zamani. Nikajibu, "Ndimi." Akamgeukia jirani yake. "Jamani, huyu alimpiga picha marehemu mume wangu kwa nyuma, na vibanio vyake vyote! Nilicheka mpaka nikakaa chini." Wenzake wakataka kujua ni vibanio gani, akawaeleza kwa sauti ya msibani, nami nikashukuru kwamba kuna mtu wa kusema kwa niaba yangu. Alieleza vizuri. Lakini kulikuwa na mgongo mmoja ambao hakuuona, maana alipokuja kwenye maonyesho ulikuwa umeshashushwa. Nimekuwa nikiufikiria tangu siku hiyo ya msiba, na kwa kuwa naandika polepole, imenichukua mwezi mzima kufika hapa.

Studio ya Mzee Salimu ilikuwa chumba kimoja, mlango ukitazama barabara iendayo Njombe, na kila lori la mbao lilipopita kioo cha dirisha kilitikisika. Ndani kulikuwa na pazia la bluu kwa ajili ya pasipoti saizi, pazia jingine lililochorwa maporomoko ya maji, stuli isiyotulia, kitana kilichofungwa kwa uzi ili kisipotee, na nyuma ya mlango msumari uliobeba mavazi mawili ya studio: koti jeusi la kiume na shela moja ya harusi. Koti lilishonwa kwa ajili ya mtu mnene ambaye hatukuwahi kumjua. Wakulima waliokuja kupiga picha za benki, za chama cha ushirika, za kuwapeleka watoto shule, wote walilivaa hilohilo. Kazi yangu ilikuwa kusimama nyuma ya mteja, kukusanya kitambaa kilichozidi na kukibana kwa vibanio vya kuanikia nguo, kimoja chini ya kingine kufuata uti wa mgongo, mpaka mabega yakae. Kwa mbele mtu alitoka kama ameshonewa. "Mbele bwana harusi, nyuma kamba ya nguo!" alisema Mzee Salimu kila mara, mteja akacheka, na kicheko hicho ndicho alichokiwahi kwa kamera.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa naogopa nyuso. Kumwambia mtu mzima ainue kidevu au afumbe mdomo kulinifanya nitokwe na jasho hata asubuhi za baridi ya Julai, na ndiyo sababu Mzee Salimu aliniweka nyuma. Alinipa pia kamera yake ya zamani yenye kioo kilichopasuka pembeni, nijifunze. Nikaanza kupiga kile nilichokuwa nakiona: migongo. Nilisubiri Mzee Salimu awe anachezea taa, nikarudi hatua mbili, nikapiga. Wateja wakisikia mlio walidhani najaribu kamera. Sikumwomba hata mmoja ruhusa. Leo nikijiuliza kwa nini, jibu ni rahisi na linaniaibisha: niliamini kwamba mtu yumo usoni mwake, na kwamba akigeuka anabaki kuwa nguo tu. Niliona namchukulia koti, na koti lilikuwa letu. Nikazisafisha picha hizo ndogondogo kwenye karatasi zilizobaki na kuzibandika nyuma ya mlango wa chumba cha ndani, mahali nilipokula chakula changu cha mchana, kande za jana au viazi, peke yangu na migongo yangu.

Mwezi wa tatu walikuja mume na mke kutoka Wanging'ombe. Walikuwa wametokea hospitali ya Ilembula, begi la hospitali bado mkononi. Mume aliitwa Baba Edina, mtu mrefu asiyependa maneno. Alieleza kwamba walifunga ndoa kanisani miaka kumi na minne iliyopita, mpiga picha akashindwa kufika kwa mvua, na sasa mke wake anataka ile picha. Mama Edina alikonda mno. Shela ilipomwingia ilisimama peke yake, yeye akiwa ndani kama mtu aliyesimama kwenye hema. Nilibana vibanio kumi na viwili, kuanzia shingoni hadi chini ya kiuno. Vidole vyangu vilipomgusa alishtuka. "Mikono yako ya baridi, mwanangu. Umetoka kukamua ng'ombe?" Nilicheka bila sauti. Mzee Salimu akasema mambo yake ya kamba ya nguo, na Mama Edina akacheka kweli, kichwa kikaenda nyuma, na hapo nikapiga yangu. Baba Edina alikuja kuchukua picha kubwa baada ya wiki tatu. Alikuwa peke yake. Mzee Salimu alipouliza mama hajambo, alisema, "Alishatutoka," akaitazama picha, akaifunga kwenye gazeti, akaondoka.

Dada Mariana aliingia studio mwezi wa sita, akitaka pasipoti saizi nne za haraka. Alikuwa mtu wa Dar es Salaam, anazunguka mikoa ya kusini kuandaa maonyesho ya sanaa, na safari hii yalikuwa yafanyike Njombe, kwenye ukumbi ulio jirani na soko. Aliomba kunawa mikono, nikampeleka chumba cha ndani, na mlango ukajifunga nyuma yake. Alikaa humo hata nikadhani ameteleza. Alipotoka alikuwa ameshika mgongo wa Mama Edina mkononi. "Nani kapiga hizi?" Mzee Salimu akanionyesha kwa kidevu. "Kadia. Haongei, lakini anasikia." Dada Mariana akaniuliza nilikuwa nafikiria nini nilipozipiga. Nikasema, "Nilikuwa nabana." Akacheka kama nimesema jambo kubwa, na tangu siku hiyo sikulala vizuri. Alichagua ishirini na nne. Akanitaka niandike maelezo ya kazi yangu, nusu ukurasa. Mimi niliishia darasa la saba. Nilikaa na karatasi hiyo siku nne, nikafuta mpaka ikatoboka, nikampelekea mistari mitatu: Watu hawa wamevaa koti la studio. Nyuma limebanwa kwa vibanio. Picha zimepigwa Makambako. Akasema haiguswi hata nukta.

Nilifika Njombe siku tano kabla ya ufunguzi. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabati, na ndani ya ukumbi ilikuwa baridi kuliko nje. Sikuwahi kuona sanaa ya namna ile. Kaka mmoja wa Iringa alikuwa ameshona magunia ya viazi yakawa paa, unapita chini yake umeinama, na udongo mkavu unakudondokea shingoni. Kwenye kona kulikuwa na televisheni inayoonyesha mikono ya mwanamke akiosha sahani moja. Nilikaa kwenye benchi kuitazama. Nilisubiri sahani itakate aiweke pembeni, nione kinachofuata. Nikasubiri mpaka miguu ikafa ganzi, ndipo kaka wa Iringa akapita na kuniambia, "Dada, hiyo haiishi. Inajirudia." Niliona aibu, lakini nikabaki nimekaa. Nilikuwa nimeanza kujua kwamba ile mikono ilikuwa na kovu kwenye kidole gumba, na kwamba mwenyewe aliosha kwa hasira upande mmoja na kwa upole upande mwingine. Ningeweza kumtambua sokoni kwa mikono tu. Wazo hilo lilinipita, nikaliacha liende. Ningelishika wakati ule, ningejiepusha na mengi.

Dada Mariana alikuwa amezikuza picha zangu kiasi cha trei ya chai, isipokuwa moja. Mgongo wa Mama Edina aliukuza ukawa kama mlango wa nyumba. Jumatatu aliutundika ukutani mkabala na lango, ili kila anayeingia akutane nao. Niliposimama mbele yake nilitamani kutoka nje. Pale studio ilikuwa picha ya kiganjani, shela na vibanio. Sasa niliona, kupitia kitambaa chepesi cha shela, pingili za uti wa mgongo, moja moja, na mifupa miwili ya mabega ikiisukuma ngozi, na kidonda kidogo chini ya sikio kilichoanza kupona. "Hii ndiyo roho ya maonyesho," alisema Dada Mariana. Mimi nilisema ndiyo. Wakati huo nilikuwa nasema ndiyo kwa kila kitu.

Siku iliyofuata walikuja kina mama wawili kupiga deki. Nilikuwa chini ya paa la magunia, nimeinama, hawakuniona. Mmoja alisimama na ufagio mbele ya ile picha kubwa. "Mama wee. Huyu alikuwa mgonjwa huyu." Mwenzake akasogea. "Mgonjwa? Huyu ninamjua. Tulilazwa naye Ilembula, kitanda kwa kitanda. Hiyo shingo nimeitazama wiki mbili." Yule wa kwanza akabisha, "Utamjuaje mtu kwa shingo?" "Wewe mumeo akikupita mbele sokoni humjui mpaka ageuke? Ni mke wa mtu wa Wanging'ombe. Alikuwa hataki watu wamwone anavyobadilishwa nguo. Tulikuwa tunamshikia khanga pande zote. Maskini, leo yuko hapa wazi kama nyanya mezani." Yule wa kwanza akaegemea ufagio. Halafu yule wa kitanda cha jirani akauliza, "Mwenyewe anajua? Mumewe anajua?" Mwenzake akasema, "Si huwa analeta alizeti hapa sokoni kila Alhamisi? Ataona tu."

Ufunguzi ulikuwa Alhamisi. Siku ile ilikuwa Jumanne. Nilikaa chini ya magunia mpaka walipomaliza deki na sakafu ikakauka.

Asubuhi ya Jumatano nilikwenda Wanging'ombe. Njia nzima nilipanga maneno, na kila nilipoyapanga yalinigeuka. Bodaboda aliyenichukua kutoka barabara kuu alijua nyumba ya Baba Edina bila kuuliza. Nilimkuta anapembua alizeti uani pamoja na bintiye, Edina, mtoto wa kama miaka tisa. "Kamwene," nikamsalimu kwa lugha ya kwao. "Kamwene," akajibu, akanitazama akijaribu kunikumbuka, kisha akasema, "Wa studio. Karibu ndani." Sebule ilikuwa na viti vya msonobari vyenye vitambaa vya kufuma, na ukutani, juu ya rozari, ilikuwa ile picha ya mbele. Mama Edina akionekana amejaa ndani ya shela, kichwa nyuma, anacheka. Ungeapa hajawahi kuumwa mafua. Edina alileta chai ya rangi na viazi vya kuchemsha. Baba Edina alisema, "Kula kwanza." Nilikula viazi vitatu. Alinisimulia kwamba wageni wakija huwaonyesha picha ile kabla ya kitu kingine chochote, na kwamba mama mkwe wake, ambaye hakuweza kusafiri kuja kumwona bintiye hospitalini, aliiangalia akasema angalau mwanangu alikwenda na afya yake. "Nikamwacha aseme hivyo," alisema Baba Edina. "Nilimwahidi mke wangu hivyo."

Nilitamani kunyanyuka na kuaga. Badala yake nilifungua bahasha na kuweka picha ndogo ya mgongo juu ya meza, kati ya vikombe. Hakuishika. Alimwambia Edina, "Mama, nenda kaangalie kuku." Mtoto alipotoka aliinama kuitazama kwa karibu, mikono nyuma. "Ulipiga lini?" Nikamwambia. "Alijua?" "Hapana, Baba Edina." "Na huko Njombe iko hivi?" Nikaonyesha kwa mikono, juu mpaka chini, ukubwa wa mlango. Jogoo aliwika nje, na mimi nikahesabu mbao za dari. Hatimaye alisema, bila kupandisha sauti, "Binti, mimi siku ile nilisimama kando yake. Niliviona vibanio. Nilivishukuru. Nilisema, Mungu awabariki wanaojua kuficha. Kumbe nyuma ulikuwa unafichua." Nilisema, "Nitaishusha." Akauliza, "Watakukubalia?" Nikasema tena nitaishusha, na nikagundua kwamba sijui kama nasema kweli.

Dada Mariana hakukasirika, na hilo lilikuwa gumu zaidi. Aliketi nami kwenye benchi mbele ya ile sahani isiyoisha na kunieleza kwa upole kwamba picha hii ndiyo iliyomfanya anichague, kwamba bila hiyo zilizobaki ni vichekesho vya makoti, kwamba wageni wametoka mbali, na kwamba uso hauonekani. "Hakuna atakayemjua, Kadia." "Wameshamjua," nikasema. "Nani?" "Wanaopiga deki." Akatabasamu kidogo. "Hao ni watu wawili." Ndipo nikasikia sauti yangu ikijaza ukumbi, nikashtuka mwenyewe. "Basi shusha zote! Shusha na jina langu!" Kaka wa Iringa akachungulia kutoka chini ya magunia yake. Nilikuwa nalia. Dada Mariana akaenda kuleta ngazi. Tuliishusha watu watatu. Nyuma yake ukuta ulibaki na misumari na weupe mtupu. Alisema, "Sina kingine cha kuweka hapa. Ujue hivyo." Nilijua. Nilijua pia kwamba hataniita tena, na hakuniita.

Alhamisi wageni walikuja, wakanywa soda, wakacheka mbele ya makoti. Huyo mama wa msibani nadhani ndiyo siku aliyokuja na kukaa chini kwa kicheko. Wengine waliingia, wakatazama ukuta mtupu mkabala na lango, wakaulizana hapa palikuwa na nini. Nilisimama karibu na mlango wa nyuma nikiwatazama wanaoingia mmoja mmoja. Kila mtu mrefu aliyetokea nilidhani ni yeye. Baba Edina hakuja. Ijumaa hakuja. Nilianza kuwaza kwamba amesikia kwa watu, kwamba hakuamini, kwamba ameshindwa kuja kuangalia.

Alikuja Jumamosi kabla ya saa sita, akiwa amevaa koti lake la mtumba la kahawia, kofia mkononi kama anayeingia kanisani. "Shikamoo, Baba Edina." "Marahaba." Hakuniuliza chochote. Alipita kwenye migongo yote ishirini na mitatu, polepole, akisimama kwa kila mmoja. Kwa mmoja alisema, "Huyu Mgaya huyu. Alituambia lile koti alinunua Mbeya," na pembe za mdomo wake zikasogea. Kisha akafika penye weupe. Watu wawili, vijana wa chuo, walikuwa wamesimama hapo wakibishana palikuwa na nini. Alisubiri waondoke. "Ndipo hapa?" "Ndipo." "Na watu wanauliza." "Wanauliza," nikakiri. Akafikiri, akigeuza kofia. "Pakikaa wazi hivi watauliza mpaka wapate. Yule mama wa deki nimekutana naye hapo nje, ameshanipa pole." Akavaa kofia, akaivua tena, akampa kaka wa Iringa amshikie. Akageuka, akausogelea ukuta, akasimama akinipa mgongo. "Nibane kama wengine. Upige, uiweke hapa."

Nilikimbia nyuma ya ukumbi nikang'oa vibanio kwenye kamba waliyoanikia matambara ya deki. Koti lake huenda lilimtosha mwaka uliopita. Sasa lilipwaya, na nilipokusanya kitambaa nilikipata kingi kuliko nilivyotegemea. Nilibana vibanio sita. "Mikono yangu ya baridi, samahani," nikasema, na yeye akasema, "Najua. Aliniambia." Nikarudi hatua mbili. Kwa mara ya kwanza nilisema, "Baba Edina, naomba nikupige." "Si nimekwambia upige?" Nikapiga.

Niliisafisha mchana huohuo kwenye studio moja hapo mjini, ukubwa wa trei ya chai kama nyingine, na Dada Mariana aliisogeza migongo mingine kulia na kushoto mpaka pengo likaisha. Jumapili, ambayo ilikuwa siku ya mwisho, nilisimama tena penye mlango wa nyuma. Watu waliingia, wakaitazama kidogo, wakapita kwenda kucheka kwa Mgaya. Jioni simu iliita, na niliposikia sauti ya Baba Edina nilikwenda kukaa kwenye benchi.

"Wanaiangalia?" aliuliza.

"Wanapita tu, Baba Edina."

"Hakuna anayeuliza?"

"Hakuna."

"Haya," alisema. Nilimsikia akimwambia Edina kitu kuhusu kuku, kisha akakata.